Shina la Bodi

Kaa vizuri, na kama una mtu ubavuni, msalimie kwanza mpaka akuitikie. Kwa nini, utajua tukifika mwisho.

Palikuwa na seremala wa Korogwe aitwaye Semboja, mtu wa maneno mengi na vidole tisa. Cha kumi kilibaki kwenye msumeno wa mashine, naye husema hakukidai kwa sababu msumeno ulionekana kukihitaji zaidi. Huyu ndiye aliyefika Nenoni. Safari yenyewe tuiache. Kuingia Nenoni si kazi, wengi huingia bila kujua. Kazi ni kutoka, kwa kuwa geti lake lina mlinzi mmoja na swali moja. Kwa aingiaye na atokaye, mlinzi huuliza, "Nani?" Ukiitika naye akakusikia, anafungua. Basi.

Semboja aliitika, akasikika, akaingia akichekelea wepesi wa mambo. Kicheko kilimwisha sokoni.

Soko lilikuwa kama soko lolote, vitunguu na dagaa na wanawake wakitaniana. Lakini katikati ya watu walisimama watu wengine, wamejitanda shuka nyeupe zisizo na pindo wala nakshi, na hakuna aliyewatazama. Si kwamba walidharauliwa. Anayedharauliwa hutazamwa angalau kwa pembe ya jicho. Hawa, wanunuzi waliwazunguka kama maji yanavyozunguka jiwe. Mmoja wao alikuwa mama mtu mzima, na Semboja, aliyelelewa vizuri kwa fimbo, akampa shikamoo.

Soko zima lilinyamaza. Muuza vitunguu alibaki na mkono hewani. Aliyeogopa kuliko wote ni yule mama mwenyewe, alijiziba mdomo kwa shuka akarudi nyuma hatua moja, halafu nyingine, kama mtu aliyerushiwa kaa la moto.

Mtu mwenye miwani alimshika Semboja kiwiko, taratibu, kama anayemwongoza kipofu. Alijitambulisha kuwa ni Karani Kitomeo wa Ofisi ya Mashina. Alisema mgeni husamehewa mara moja, na mara yenyewe ndiyo hiyo imekwisha.

"Uliyemsalimia hayupo," alisema.

"Nimemwona."

"Umeona nafasi."

"Nafasi yenyewe imevaa ndala," alisema Semboja.

Karani hakucheka. Baadaye Semboja aliambiwa kwamba yule alikuwa mama yake mzazi, na kwamba Karani alipita mbele yake kila asubuhi akienda kazini, miaka saba sasa, bila kukosea hatua.

Sheria yao, kama Karani alivyoieleza wakitembea, ni hii. Neno lisipobanwa huzaa. Leo lina maana moja, kesho lina tano, na watu wakiambiana jambo kila mmoja huondoka na lake. Kwa hiyo Nenoni kila maana imekabidhiwa mtu, aitwaye mshika maana, ambaye huirithi, huiishi na kuijibia. Kila mwaka Ofisi huchagua neno moja lililozaa kupita kiasi na kulifanyia Pepeto. Washika maana wake hukusanywa, shina hutafutwa, na maana zisizo shina hupeperushwa pamoja na waliozishika. Damu haimwagwi, Karani alilirudia hilo mara tatu. Mtu hupewa shuka, jina lake halitajwi tena, na hakuna anayemwitikia. Atakayemwita, au kuketi naye, au kutumia kazi ya mikono yake, humfuata siku hiyohiyo.

Semboja aliuliza watu hao wanakula nini. Karani alisema swali hilo halina mtu ndani yake.

Neno la mwaka huo lilikuwa bodi. Lilikuwa la Waingereza, waliolisahau pale zamani kama mgeni anavyosahau mwavuli, nao Wanenoni wakalitunza kuliko miavuli yao wenyewe, pamoja na maana zote lilizokuja nazo. Bodi ilikuwa baraza la wakubwa. Ilikuwa pia chakula cha mgeni na kitanda chake. Ilikuwa ubavu wa meli, na mshika maana hiyo alikuwa nahodha ambaye hajawahi kupanda chombo. Ilikuwa kibao cha matangazo. Washika maana zote hizo sasa walikuwa wamekonda kwa hofu, isipokuwa mshika maana ya baraza, Mheshimiwa Tafsida, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa Pepeto. Semboja aliuliza kama si vibaya mwenye kesi kuwa hakimu. Karani alisema hapana, kwani kiti ni kimoja na Mheshimiwa alikuwa ameshakikalia.

Lilibaki jambo moja tu. Shina lazima liapiwe na mtu ambaye hajashika chochote nchini humo.

"Tulikuwa tunasubiri mtu asiye na maana," Karani alisema kwa adabu kamili.

"Nashukuru kwa kunitambua," alijibu Semboja.

Walimpeleka kulala kwa Bi Ngware, mshika maana ya chakula cha mgeni, mwanamke wa miaka hamsini hivi aliyepika huku akisema na sufuria zake. Alimtazama mgeni mikono, akamwambia kwa kuwa vidole ni tisa atampunguzia tonge moja. Semboja akamwambia aliyepunguza kidole hakupunguza tumbo. Walielewana tangu hapo.

Lakini kila mchana, kabla ya kumpakulia mgeni, Bi Ngware alipakua sahani moja, akaifunika kawa, akaiweka nje ya mlango wa uani. Semboja alipouliza, alijibiwa kwamba ni ya paka. Siku ya tatu alikuwa hajaona paka, wala unyoya, wala nyau. Alichoona ni sahani ikirudi imeoshwa, imepanguswa, imelazwa kifudifudi.

"Paka wenu amesoma," alisema.

Bi Ngware aliendelea kukuna nazi, lakini mkono ulipoteza mwendo. Mbuzi aliyokalia ilikuwa haikai jikoni kama mbuzi za watu. Aliitoa ndani ya pipa la unga na kuirudisha humo kila alipomaliza. Alipoinuka kuchuja tui, Semboja aliigeuza chini juu, kama seremala yeyote anavyofanya akiona kazi nzuri. Chini ya kiti palichongwa mikato mitatu, na mstari mmoja ukipita juu yake. Bi Ngware alimpokonya, akaifukia tena kwenye unga, na unga ukamrukia mpaka kwenye nyusi.

Siku moja kabla ya Pepeto Karani alikuja na karatasi iliyokwisha kuandikwa. Ilisema: *Mimi, mgeni, naapa kwamba shina la bodi ni baraza, na maana nyingine zote ni matawi.* Palibaki nafasi ya sahihi tu. Semboja aliuliza, je, akiapa vingine? Karani alimweleza bila ukali wowote kwamba shahidi wa uongo hufutwa, na uongo huamuliwa na mwenyekiti. Akaongeza kwamba aliyefutwa hawezi kurudi kwao, kwa sababu mlinzi wa geti hana ruhusa ya kumsikia asiyekuwepo. Wapo wageni waliokaa pale getini wakiitika "mimi, mimi" mpaka sauti zikakatika. Mlinzi alikuwa mtu mpole, alisema Karani, alikuwa akiwafagilia majani.

Alipoondoka, Semboja alikaa kwenye kinu. Alimfikiria mkewe, Mwanahiba, anavyogomba kwa kuchelewa kwake. Alitamani agombezwe hata mwaka mzima.

Shida ni kwamba shina la neno lile alilijua. Useremala alijifunza kwenye karakana ya misheni, kwa mzee Mwingereza aitwaye Hoskin, aliyefundisha kwa rula, upande mmoja ikipima mbao na upande wa pili ikipima vichwa. Huyo alimwambia kwamba hapo kale kwao meza haikuwa na miguu yake. Ilikuwa ubao mmoja mrefu, unalazwa juu ya vigogo wakati wa kula na kuegemezwa ukutani watu wakishiba. Ubao huo ndio uliokuwa na jina. Chakula kilichowekwa juu yake kikaitwa kwa jina lake, na waliokaa kuuzunguka wakishauriana wakaitwa vilevile. Ubavu wa meli lilikuwa neno jingine, lenye maana ya ukingo, lililofanana nalo sura, yakaishi pamoja hadi watu wakayadhani ni moja.

Alimweleza Bi Ngware yote hayo, akamaliza kwa kusema kwamba hatataja ubao. Ataapa kwamba shina ni chakula, ili Bi Ngware apone, halafu liwalo na liwe.

Bi Ngware alikuwa akichambua mchele. Hakuinua macho.

"Usiniokoe, mwanangu. Sema ubao."

"Nikisema ubao unakwisha, mama. Wewe na wenzako wote."

"Najua."

Ndipo akamwambia habari ya paka. Ubao nao ulikuwa na mshika maana wake, fundi aliyejaza nchi nzima milango na vitanda. Miaka kumi na mmoja iliyopita Mheshimiwa Tafsida aliona ni aibu neno la baraza kuwa na ndugu anayenuka vumbi la mbao, akaitisha kikao kidogo, na fundi akapewa shuka. Vitu alivyochonga vilikusanywa vikachomwa moto uwanjani. Moto ulikwenda siku mbili. Kilipona kitu kimoja, kile kilichokuwa ndani ya pipa.

"Ni mume wangu," alisema Bi Ngware. "Husimama uwanjani mbele ya ukumbi wao, siku zote, mahali palepale, haondoki ila kuja kula. Nampikia. Namsikia akiosha sahani. Miaka kumi na mmoja sijamwita jina lake, naye anaogopa kukohoa nisije nikageuka. Sheria yao inasema shina likishatajwa lazima liitwe kwa jina na kuketishwa mezani, kabla baraza halijainuka. Nataka aitwe, Semboja. Akiitwa mara moja tu, hiyo shuka nitaivaa mwenyewe, wasihangaike kunivika."

Semboja alikuwa na utani tayari mdomoni, kama kawaida yake. Aliumeza. Ulishuka kama mfupa.

Ukumbi ulijaa asubuhi. Katikati palikuwa na meza ndefu mno, imefunikwa kitambaa cha kijani kilichofika sakafuni, na wazee wanane wa baraza wameizunguka. Washika maana za bodi walisimamishwa ukutani, na shuka nyeupe zilikuwa zimeshakunjwa vizuri juu ya benchi, moja kwa kila mmoja. Nahodha wa nchi kavu alikuwa akizihesabu na kurudia, kana kwamba huenda zikapungua. Dirishani, uwanjani kwenye jua, alionekana mzee mrefu mwenye shuka, amesimama peke yake.

Semboja aliitwa mbele. Karani aliweka karatasi na kalamu. Semboja aliweka vidole vyake tisa ukingoni mwa meza, akasema kwamba yeye hataweka sahihi, na kwamba shina la bodi ni ubao.

Alingoja ngurumo. Haikuja. Mheshimiwa Tafsida alipekua makaratasi yake.

"Mgeni bado hajasema," alimwambia Karani.

Semboja alisema tena, kwa sauti kubwa zaidi, tena akaeleza habari ya vigogo na ya chakula na ya waliokaa kukizunguka. Mzee mmoja wa baraza alipiga mwayo. Mwingine alimtazama, yaani alitazama mahali alipokuwa, macho yakapita kifuani mwake yakaenda kutua ukutani.

"Mgeni bado hajasema," alisema Mheshimiwa. "Tumsubiri kidogo, halafu tuendelee bila yeye."

Hapo ndipo Semboja alipoelewa kwamba jambo lile halina sherehe. Huanza hivihivi, mtu akiwa bado anaongea. Aliangalia mikono yake, ilikuwepo. Alitaka kupiga kelele akahofia kelele nazo zisisikike, na kwamba akishajua hazisikiki hatakuwa na kitu kingine kilichobaki. Akaishika meza kwa nguvu, kama anayezama, vidole vikazunguka chini ya ukingo, kidole cha shahada kikaingia kwenye mkato. Kikaingia kwenye wa pili, na wa tatu. Kisha kikateleza kwenye mstari unaopita juu yake.

Hakuwaza. Angewaza asingethubutu. Alikamata kitambaa cha kijani kwa mikono miwili akakivuta chote, makaratasi na kalamu na bilauri zikaenda sakafuni, na meza ikabaki uchi mbele ya watu kwa mara ya kwanza tangu ilipofunikwa. Ubao mmoja tu, mpana, wa mninga, mwekundu kama udongo wa Lushoto.

Kwa kuwa hakuna aliyemsikia, hakusema kitu. Aliinama, akashika ukingo, akaiinamisha meza upande mmoja mpaka tumbo la ubao likaonekana pamoja na mikato ile.

Kila mtu mzima mle ndani aliijua alama ile. Walishaitafuta kwenye milango yao na vitanda vya watoto wao, siku za moto. Walikuwa wamechoma kila kitu isipokuwa walichokizunguka wakiamuru vingine vichomwe, kwa sababu kilikuwa na kitambaa, na hakuna aliyewahi kuuliza kuna nini chini ya kitambaa.

Atumiaye kazi ya mikono ya aliyefutwa humfuata. Wazee wanane waliondoa mikono yao mezani taratibu, mmoja baada ya mwingine, wakaipakata.

Bi Ngware alitoka ukutani. Alipita mbele ya benchi la shuka, akachukua moja, akajitanda vizuri kama anayekwenda arusini. Akaenda dirishani.

"Magogo," aliita. "Mume wangu. Njoo ndani, wamekutaja."

Yule mzee uwanjani hakusogea. Labda alishaota sauti hiyo mara nyingi mno. Ilibidi amwite tena, sauti ikamkatika katikati ya jina, ndipo alipogeuza shingo.

Aliingia akinyata, akipisha watu ambao hawakuwa njiani. Alifika mezani. Alipitisha kiganja juu ya ubao, kutoka mwanzo hadi mwisho, akainama akatikisa mguu mmoja wa meza. Alipofungua mdomo sauti ilitoka na kutu.

"Huu umelegea. Niliwaambia msiwe mnaiburuta."

"Naam, fundi," alijibu Semboja. "Watu wa ofisini hawajui kubeba."

Mzee Magogo alimtazama. Alimtazama usoni, kabisa, na Semboja akahisi damu ikimrudia miguuni.

Mheshimiwa Tafsida alikuwa amesimama. Alimwambia Karani aandike kwamba Pepeto limeahirishwa. Karani Kitomeo hakuandika. Alikuwa anaokota makaratasi, akiyapanga kwa namba. Mheshimiwa alirudia, akataja jina lake, akamgusa bega. Karani alijiinua, akavaa miwani vizuri, akatazama mbele. Macho yake yalipita kifuani mwa Mheshimiwa yakaenda kutua ukutani. Alikuwa mtu wa sheria, na hakukosea hatua. Alimzunguka kama maji yanavyozunguka jiwe, akatoka nje.

Mheshimiwa alimwita mzee wa kulia kwake. Huyo hakujua kama aitike, kwa kuwa hakujua kama yeye mwenyewe bado yupo. Ukumbi mzima watu walitazama viatu vyao, kila mmoja akiogopa kuwa wa kwanza kukutana jicho na mwenzake. Sauti pekee ilikuwa ya Bi Ngware, akimuuliza mumewe kama chumvi ya jana ilizidi, naye akisema ilizidi kidogo, hakutaka kulalamika.

Semboja hakusubiri kuona mwisho wao, na hata leo haujui. Alikwenda getini mbio. Mlinzi alikuwa anafagia majani.

"Nani?"

"Semboja, seremala, wa Korogwe."

Mlinzi aliendelea kufagia. Alifagia upande mmoja akahamia wa pili. Habari zilikuwa zimemfikia au hazijamfikia? Semboja alisema tena jina lake, na la baba yake, na la mtaa wake. Alitaja kidole kilichopotea. Ufagio ulikuja ukazunguka miguu yake.

Kisha mlinzi akasimama, akatazama nyuma kama kuna mtu, akamwambia kwa sauti ya chini sana, "Nimekusikia mara ya kwanza. Nilikuwa natafuta ujasiri." Akafungua.

Korogwe alifika mchana, nyumba iko wazi, moshi unatoka uani. Hakuingia. Alisimama kizingitini mwa nyumba aliyoijenga mwenyewe, akapiga hodi.

Kimya.

Akapiga ya pili. Alisikia mwiko ukigonga sufuria. Hakuna aliyeitika. Akashika mwimo wa mlango, akapiga hodi ya tatu kwa sauti ambayo hakuijua kuwa ni yake.

"Hivi wewe," alisema Mwanahiba kutoka uani, "tangu lini unabisha hodi kwako?"

"Niitikie kwanza, mke wangu."

"Una nini?"

"Niitikie tu."

Mwanamke alitokea na mwiko mkononi, akamtazama juu mpaka chini, akaona uso wake, akaacha ugomvi aliokuwa ameuandaa.

"Karibu, Semboja," alisema. "Ingia, chakula kiko mezani."